Kitofautishi si Dawa: Istilahi za Picha za Ateri za Moyo

Mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, Kiswahili ni lugha ya soko na ya mpaka wa Goma tangu zamani. Mwaka 2017 kilifanywa pia lugha rasmi ya Rwanda. Mwanafunzi wa Kiswahili aweza kuombwa kumfasiria mgonjwa anayepewa rufaa kwenda Kigali kupigwa picha za moyo kwa MRI. Katika makala haya tunaeleza kipimo hicho na istilahi zake.

MRI haitumii eksirei. Hutumia sumaku yenye nguvu na mawimbi ya redio kupata ishara kutoka katika haidrojeni ya maji ya mwili. Ateri za moyo ni ngumu kupiga picha: upana wake ni milimita chache, nazo hutikisika kwa kila pigo la moyo na kila pumzi. Ili zionekane vizuri, mgonjwa huweza kudungwa kimiminika chenye metali iitwayo gadolini. Gadolini huharakisha haidrojeni iliyo karibu nayo kurudi katika utulivu baada ya kusukumwa na mawimbi. Matokeo yake, damu hung'aa kuliko misuli inayoizunguka, na mahali ateri ilipobana hujitokeza.

Tukiita kimiminika hicho "dawa", mgonjwa atadhani anatibiwa. Neno "umuti" la Kinyarwanda lina kasoro hiyo hiyo. Tukikiita "rangi", atahofia kuwa damu yake itapakwa rangi. Sisi tunapendekeza "kitofautishi". Vilevile, "mshipa" hubeba maana za ateri, vena, neva na hata ngiri. Hivyo ni bora kusema "ateri za moyo".

Uteuzi huu wa maneno una uzito. Gadolini tupu ni sumu, kwa hiyo hufungwa ndani ya molekuli nyingine, kisha figo huitoa mwilini. Mwaka 2006 madaktari walianza kuihusisha na ugonjwa wa kukakamaa ngozi kwa watu ambao figo zao zimeharibika sana. Mgonjwa asiyeelewa swali kuhusu figo, yaani "impyiko", aweza kujibu "sina" na kujiweka hatarini. Maswali kuhusu ujauzito na vyuma vilivyowekwa mwilini yahitaji uangalifu huo huo.

Tunawashauri walimu wawape wanafunzi zoezi hili: waeleze kipimo kizima kwa sentensi tano, bila kutumia "dawa", "rangi" wala "mshipa".