Je, Wajua? Nyasi na Bakteria Huponya Udongo wa Chumvi

Je, wajua kwamba shamba lililoharibiwa na chumvi laweza kurudishiwa uhai kwa nyasi? Katika jimbo la Punjab, nchini Pakistan, wakulima hupanda nyasi za kallar kwenye ardhi iliyotandwa na chumvi kama unga mweupe, mahali ambapo ngano haistawi.

• Majani ya nyasi hizi yana tezi ndogo zinazotoa chumvi nje, hivyo mmea hauungui.

• Mizizi hutoa hewa ya kabonidayoksaidi, ambayo ikichanganyika na maji huyeyusha chokaa iliyomo udongoni. Kalsiamu ya chokaa hiyo huchukua nafasi ya sodiamu, udongo ukalegea, na maji yakaisukuma sodiamu chini, mbali na mizizi.

• Ndani ya mizizi huishi bakteria aina ya Azoarcus, waliopewa jina hilo na wanasayansi mwaka 1993. Hunasa naitrojeni ya hewani, ambayo mimea huihitaji ili ikue.

• Mifugo huzila nyasi hizo, kwa hiyo mkulima hupata malisho huku shamba likipona.

Zingatia: pasipo mifereji ya kuondoa maji yaliyotuama, chumvi hupanda tena juu.