Dawa ya Kolesteroli Inapimwa kwa Kikombe

Kawangware, matatu za 46 zinakogeuzia, dawa ya kolesteroli haikosi mteja. Kipaza sauti kinanadi unga wa moringa, mbegu za chia na kitunguu saumu kilichosagwa. Ahadi ni ileile: mafuta yaliyo kwenye damu yatayeyuka.

Mama anayeuza maharagwe yaliyochemshwa hana wa kumpigia debe, ilhali bidhaa yenyewe iko kwake. Nyuzinyuzi za maharagwe, ndengu na kamande zinazoyeyuka hunasa asidi za nyongo utumboni, na ini hulazimika kuchota kolesteroli kwenye damu ili litengeneze nyongo nyingine. Njugu karanga, simsim na avokado nazo zina steroli, viini vinavyofanana mno na kolesteroli hata vikagombania nayo nafasi ya kufyonzwa. Wafini walivitia sokoni viini vya jamii hiyo mwaka 1995, kampuni ya Raisio ilipoanza kuuza majarini ya Benecol. Kipimo cha viini hivyo ni gramu 2 hivi kwa siku, na hushusha kolesteroli mbaya kwa asilimia 8 hadi 10. Chakula cha kawaida hutoa chini ya nusu gramu. Kijiko cha unga hakifiki huko, muuzaji apende asipende.

Kibera nako kuna akina mama kama huyo: maharagwe ya aina ya Nyayo, Wairimu au Rosecoco hununuliwa kwa magunia, mara nyingi katika soko la Nyamakima, huchemshwa kwa saa kadhaa, kisha hupimwa kwa kikombe. Mwenye chumba kimoja na jiko la makaa hawezi kuyachemsha mwenyewe bila kuumia. Kwa hiyo mama muuza maharagwe, ukimchunguza vizuri, anauza moto kuliko anavyouza maharagwe.

Hasara huingia kwenye kukaanga. Mafuta ya kupima, yale ya shilingi kumi au ishirini, kwa kawaida ni ya mawese kutoka Malaysia na Indonesia, na karibu nusu yake ni mafuta yanayopandisha kolesteroli ileile. Ya alizeti ni bora, ila bei inauma. Mwaka 2024 serikali ilipendekeza ushuru wa asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia yatokanayo na mimea. Wananchi wakapiga kelele, pendekezo likaondolewa. Nafuu ikawa kwa mawese na alizeti sawasawa.

Anayedai unga wake ni dawa anatakiwa awe ameusajili kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Muulize nambari kabla hujatoa pesa. Na kama daktari amekuandikia vidonge, usiviache kwa sababu ya maharagwe.