Kito chako kilipikwa? Usinunue kabla ya kuuliza

WANAUME wengi hujinyima kwa miezi kadhaa wakidunduliza pesa ili kumnunulia mchumba pete yenye kito. Ni wachache wajuao kwamba rangi iliyowavutia pale kwa sonara huenda ilitokana na tanuri.

Chukua mfano wa tanzanaiti, ambayo huchimbwa Mirerani pekee, kaskazini mwa Tanzania. Iligunduliwa mwaka wa 1967, na mwaka uliofuata kampuni ya Tiffany ya New York ikaipa jina hilo. Sifa yake ni buluu inayoelekea zambarau. Hata hivyo, mawe mengi hutoka mgodini yakiwa ya kahawia, na asiyejua angedhani ni vipande vya chupa ya pombe.

Fundi kwanza hulisafisha na kulichonga jiwe, kwa sababu lenye nyufa huweza kupasuka motoni. Kisha hulitia katika tanuri na kupandisha joto polepole hadi kati ya nyuzi 500 na 600 za sentigredi. Ukahawia hutoweka, ikabaki ile buluu inayotokana na madini ya vanadiamu yaliyomo ndani. Rangi hiyo haichujuki tena.

Je, huu ni ulaghai? La hasha! Biashara yote ya vito inajua kwamba karibu kila tanzanaiti imepitia moto. Hakuna mteja anayemshtaki mwenye hoteli kwa kuchoma nyama.

Ulaghai huanza pale muuzaji anaponyamaza. Mwanzoni mwa 2002 ilifichuka kwamba yakuti za rangi ya machungwa zilizokuwa zikitoka Thailand hazikuwa zimepashwa moto tu, kama wanunuzi walivyoambiwa. Zilikuwa zimepikwa pamoja na madini yenye beriliamu, nayo ikapenya ndani na kuzibadili rangi. Waliokuwa wamelipa bei ya kito adimu walibaki wameduwaa.

Kuna pia yakuti nyekundu zenye nyufa ambazo hujazwa kioo chenye risasi ili zing'ae. Hizi ni za kuogopwa, kwani hata maji ya ndimu jikoni huweza kukiharibu kioo hicho.

Basi, kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji: Jiwe hili limepashwa moto? Limetiwa kitu kingine chochote? Majibu yake ayaandike kwenye risiti. Kwa kito cha bei kubwa, dai cheti cha maabara, hasa akisema ni yakuti ambayo haijaguswa na moto, maana hiyo huuzwa ghali zaidi.

Ukitaka jiwe ambalo kwa kawaida halipikwi, tafuta tsavoraiti, kito cha kijani kinachochimbwa hapa kwetu Taita-Taveta.

Muuzaji mwaminifu atakujibu bila kigugumizi. Lakini yule anayekuapia kwamba tanzanaiti zake zote hazijawahi kuona moto, muage uende zako.