"Bunduki Nyepesi" au "Bunduki ya Teke Dogo"? Istilahi za Kumfundisha Mlenga Shabaha Mpya

Miongoni mwa istilahi zinazohitaji kutazamwa upya ni zile za mafunzo ya shabaha. Wengi hudhani kwamba uwanja huo ni wa askari peke yao, na kwamba askari wana lugha yao inayowatosha. Lakini waraka wa mafunzo hupita mikononi mwa mfasiri, hupigwa chapa na karani, na husomwa na mwalimu au ofisa mtendaji wa kata kabla haujamfikia mwanafunzi aliyelala kifudifudi uwanjani, kitako cha bunduki kikiwa begani pake. Neno likikosewa mahali popote katika safari hiyo, bega la mwanafunzi ndilo litakaloumia.

Shida yenyewe ni hii. Vitabu vya kigeni humshauri mlenga shabaha mpya aanze na bunduki ambayo, inapofyatuliwa, haimsukumi kwa nguvu. Wafasiri wetu aghalabu huandika kwamba aanze na "bunduki nyepesi". Maneno hayo ni matamu masikioni, lakini maana yake ni kinyume cha yale yaliyokusudiwa. Maana kwa risasi ile ile, bunduki nyepesi humgonga mpigaji zaidi kuliko bunduki nzito.

Sababu yake ilielezwa na Isaac Newton mwaka 1687: kila msukumo una msukumo wa kuujibu, ulio sawa nao na unaoelekea upande wa pili. Risasi inapokwenda mbele, bunduki hurudi nyuma, na uzito ukizidishwa kwa mwendo hulingana pande zote mbili. Tuchukue risasi ya milimita 7.62 itumiwayo katika bunduki za Kalashnikov. Kipande kinachoruka kina uzito wa gramu 8 hivi, na hutoka mdomoni kwa mwendo wa mita 720 hivi kwa sekunde. Tukiacha kando hewa ya baruti, ambayo nayo huongeza msukumo, bunduki ya kilo 4 itarudi nyuma kwa mwendo wa karibu mita 1.4 kwa sekunde. Ipunguze hadi kilo 3, nayo itarudi kwa mita 1.9. Huo ni wepesi uliomzidishia mwanafunzi pigo kwa theluthi nzima! Sasa tuiweke risasi ndogo ya milimita 5.6, yenye kipande cha gramu 2.6 kiendacho mita 330 kwa sekunde, katika bunduki ya kilo 4. Mwendo wa kurudi unakuwa mita 0.2 tu, na nishati inayolifikia bega inapungua zaidi ya mara arobaini.

Hivyo basi, anayefaa kupewa mwanafunzi ni bunduki nzito kiasi, yenye risasi ndogo. Mashindano ya dunia yanashuhudia jambo hilo: bunduki ya upepo ya milimita 4.5, ipigwayo kwa umbali wa mita 10, inaruhusiwa kufikia kilo 5.5, ingawa teke lake karibu halisikiki kabisa. Hapo uzito unatafutwa kwa ajili ya utulivu wa mkono, wala hakuna anayeuona kuwa ni kasoro.

Tumekwisha kulitumia neno *teke*, nasi hatuna budi kulitetea. Yako maneno mengine yanayoshindana nalo. Wako wanaoandika "kurudi kwa risasi", bila kuona kwamba kinachorudi ni bunduki. Risasi inayorudi ni ile iliyogonga jiwe ikageuka njia, na hiyo ni hatari nyingine kabisa inayohitaji onyo lake. Wengine huandika "mshindo mdogo". Mshindo ni sauti, na msomaji ataelewa kwamba anaelezwa habari za bunduki isiyopiga kelele. Wengine tena hupenda "mshtuko". Neno hili tungependa libakie kwa binadamu, kwani walimu wa shabaha wanalihitaji mno: mwanafunzi aliyekwisha kuumizwa bega, au kuzibwa masikio na mlio, hufumba macho na kukaza mwili kabla hajafyatua, na shabaha yake hupotea. Huo ndio mshtuko. Teke ni tendo la bunduki, mlio ni sauti yake, na mshtuko ni hali ya mtu. Mwalimu asiyeweza kuvitenganisha vitu hivi vitatu kwa maneno hataweza kumponya mwanafunzi wake, maana dawa ya mlio ni vizibo vya masikio, na dawa ya teke ni kubadili bunduki au risasi.

Yupo atakayesema kwamba teke ni neno la punda na halifai katika waraka wa serikali. Sisi hatuoni hivyo. Waraka huo huo unasema *mdomo wa bunduki* na *kitako* bila haya yoyote, na wahandisi wetu hupima mitambo kwa *nguvu za farasi*. Mlenga shabaha akisema bunduki imempiga teke, hata mtu asiyewahi kuishika anaelewa.

Mkoani Kagera hoja hii si ya nadharia. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulihimiza wananchi wafundishwe mgambo, na majeshi ya Idi Amin yalipoivamia ardhi yetu kaskazini ya Mto Kagera mwaka 1978, mkoa ukiwa bado unaitwa Ziwa Magharibi, wanamgambo wengi waliitwa vitani. Mafunzo hayo yanaendelea, chini ya Mshauri wa Mgambo wa Wilaya. Tuseme kijana wa Ngenge, wilayani Muleba, amejiunga nayo. Nyumbani husema Kihaya. Kiswahili cha mambo ya silaha atakipata kwa mkufunzi wake, na mkufunzi atakipata katika karatasi aliyopewa. Karatasi ikisema "nyepesi" naye akapewa silaha ya kilo 3, hana neno jingine la kumwezesha kuuliza kwa nini bega linamuuma.

Ukungu kama huo umelizunguka neno *risasi*. Ni jina la madini. Ni jina la kipande kinachoruka. Ni jina la kifaa kizima chenye ganda, baruti na fataki. Risasi nzima ya Kalashnikov ina uzito wa gramu 16 hivi, yaani maradufu ya kipande kinachoruka. Mfasiri akiandika "uzito wa risasi" bila kufafanua, mwalimu wa fizikia atakayekokotoa teke atapata jibu lililo mara mbili ya kweli. Tunapendekeza *risasi* iwe kifaa kizima, kama inavyozoeleka katika maneno ya sheria na ya duka, na kipande kinachoruka kiitwe *kichwa cha risasi*.

Zipo pia herufi SMG. Katika taarifa za polisi na magazeti ya Tanzania, herufi hizo humaanisha Kalashnikov. Ugenini ni kifupi cha jina la silaha nyingine, ipigayo risasi za bastola. Mfasiri asizihamishe hivi hivi tu. Aseme ni risasi gani inayotumika, maana hiyo ndiyo inayoamua teke. (Habari za nani aruhusiwe kumiliki silaha tunaziachia sheria ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha za moto na risasi.)

Limebaki jambo moja ambalo bado linatusumbua. Kuna kifaa kinachofungwa mdomoni mwa bunduki ili kuielekeza hewa ya baruti pembeni na hivyo kupunguza teke. Tumeona kikiitwa "kiwambo", jina ambalo limekwisha kuzoeleka kwa kifaa cha kufifiza sauti. Viwili hivi hufanya kazi zinazopingana, kwa sababu kile cha kwanza humpunguzia mpigaji teke lakini humzidishia mlio jirani aliyelala kando yake kwenye mstari. Kwa sasa tunaandika *kipunguza-teke*, na *kiwambo cha sauti* kwa kile cha pili. Wasomaji walio karibu na viwanja vya shabaha huenda wanalo jina bora zaidi, nasi tutafurahi kulipata.