Kadi ya Katalogi na Orodha ya Marejeo

Wanachuo wengi, wafikapo hatua ya kuandika ripoti ya uchunguzi au insha ndefu ya mbinu za kufundishia, huenda maktabani, hunakili kila kilichomo katika kadi ya katalogi, kisha nakala hiyo huiita marejeo. Wengine hufanya kinyume: huiacha kadi, hutazama jalada la kitabu, na kuandika lolote lililochapwa kwa herufi kubwa. Katika makala haya tunakusudia kueleza uhusiano uliopo baina ya kadi na marejeo, ili mwalimu mtarajiwa ajue achukue nini na aache nini.

Kadi imeandikwa kwa ajili ya mtu aliyesimama ndani ya jengo. Ina jina la mtungaji, jina la kitabu, mji, mchapishaji na mwaka. Lakini ina pia idadi ya kurasa, urefu wa kitabu kwa sentimita, vichwa vya mada, na namba ya kukionyesha kitabu mahali pake rafuni. Kwa mpango wa Dewey, uliotolewa mara ya kwanza Marekani mwaka 1876, vitabu vya elimu ya msingi hukaa penye 372, na fasihi ya Kiswahili penye 896.392. Sentimita humfaa mkutubi apangaye rafu. Msomaji wa ripoti yako hazimsaidii kitu.

Marejeo, kwa upande wake, humwendea mtu aliye mbali. Mwanachuo aliye Kibaha ana bahati: Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki na kukabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970, lina maktaba yake. Lakini tuseme ripoti hiyo inasomwa na mwalimu aliyepangwa pande za Marui, wilayani Kisarawe, naye anataka kitabu ulichokitaja. Itambidi aagize kwa mtu aendaye Dar es Salaam, kwenye Maktaba Kuu iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967, au dukani. Namba ya rafu ya chuo chenu haitamfikisha. Jina la mtungaji lililokosewa litamrudisha mjumbe wake mikono mitupu, na nauli imekwisha kulipwa.

Penye majina ndipo penye taabu kubwa kuliko zote. Kanuni za kigeni hutaka jina la ukoo litangulie, kwa kuwa orodha hupangwa kwa alfabeti ya majina hayo. Sisi wengi wetu hatuna ukoo wa namna hiyo. Tuna jina letu na jina la baba. Shaaban Robert (1909–1962) huonekana katika orodha nyingine chini ya R na katika nyingine chini ya S. Tunashauri mwanachuo afungue droo zote mbili, achague umbo moja, na alitumie tangu mwanzo wa ripoti hadi mwisho. Tena herufi za mwanzo zisipuuzwe. Aandikaye “Mohamed” peke yake hajasema kitu: Kiu, riwaya ya mwaka 1972, ni ya Mohamed Suleiman Mohamed, na Asali Chungu ya mwaka 1977 ni ya Said Ahmed Mohamed. Kadi hutenganisha watu hawa kwa majina kamili. Marejeo hufupisha, lakini yasifupishe mpaka wawili wawe mmoja:

Mohamed, M. S. (1972). Kiu. Nairobi: East African Publishing House.

Hebu tutazame sasa Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Mtungaji wake si mtu bali ni Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na kadi huenda ikaanza kwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndipo taasisi ifuate, kwa sababu mkutubi hukusanya idara zote chini ya mama yao. Katika marejeo yatosha kuandika TUKI, baada ya kulieleza jina hilo mara moja. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1981, la pili mwaka 2004. Mwanachuo anukuuye maana ya neno kutoka toleo moja na kuandika mwaka wa lingine humpeleka msomaji penye ukurasa usio na neno hilo. Kwa hiyo mwaka na toleo vitolewe katika kitabu ulichokishika mkononi, nyuma ya ukurasa wa jina, si katika kadi, ambayo yaweza kuwa ya nakala nyingine.

Ukurasa wa nukuu, nao, kadi yoyote haiujui. Kadi husema kitabu kina kurasa 300. Wewe ndiwe ujuaye kwamba ulisoma ukurasa wa 47. Andika namba hiyo papo hapo, kitabu kingali wazi mezani.

Siku hizi katalogi nyingi zimo katika kompyuta, na programu nyingine hutoa marejeo yaliyokwisha pangwa. Zitumieni, lakini hazijui kama Robert ni ukoo au ni baba. Mitindo nayo hubadilika: ule wa APA, katika toleo lake la saba la mwaka 2019, umeacha kutaja mji wa uchapishaji. Chuo kikidai mtindo huo, ufuateni. Kisipodai, sisi twapenda mji uandikwe, maana mchapishaji mmoja aweza kuwa na ofisi Nairobi na Dar es Salaam, na aagizaye kitabu kutoka Kisarawe angependa kujua aanzie wapi.