Matumbawe Laini Yanapougua: Tiba Yake na Hatari Zake

Tumbawe ni mnyama; si jiwe, wala si mmea. Umbo lake la asili ni polipu, yaani mfuko mdogo wa nyama wenye mdomo mmoja upande wa juu, uliozungukwa na minyiri ya kukamatia chakula. Polipu wengine hujijengea nyumba ya chokaa, na hao ndio waliojenga miamba mikubwa ya pwani ya Afrika Mashariki. Wengine hawajengi jiwe lolote. Miili yao hubaki laini, ikiyumba pamoja na mawimbi. Hao ndio wapendwao sana na watu wafugao viumbe wa baharini majumbani, hasa katika nchi za Ulaya, Marekani na Japani, kwa kuwa wana rangi nyingi na ni wastahimilivu kuliko wenzao wa mawe.

Ufugaji huo ulipata njia rahisi mwaka 1961, wakati Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, alipoandika namna alivyotunza samaki na matumbawe kwa kutumia maji ya bahari, mawe yenye viumbe hai, na mapovu ya hewa. Baadaye wafugaji wa Ujerumani waliiendeleza njia hiyo kwa taa kali na vyombo vinavyoondoa uchafu kwa povu. Lakini tangi la kioo si bahari. Katika maji machache kosa dogo huwa kubwa, na polipu walio wazima leo huweza kujikunja kesho na kuoza keshokutwa. Mfugaji afanyeje basi? Na kwa nini kazi ya kumtunza mnyama mdogo kama huyu imewahi kuwapeleka watu hospitali?

Ndugu wawili wasiofanana

Wafugaji huweka chini ya jina moja makundi mawili yaliyo mbalimbali. Kundi la kwanza ni matumbawe laini ya kweli, kama vile Sarcophyton, Sinularia na Xenia. Kila polipu wa kundi hili ana minyiri minane, yenye vijinyoya pande zote mbili. Kundi la pili ni lile la Zoanthus na Palythoa, ambao polipu wao hufanana na maua madogo yaliyosongamana juu ya mwamba. Hao wana minyiri mingi isiyo na vijinyoya, na kwa nasaba wako karibu zaidi na matumbawe ya mawe. Palythoa ana tabia ya pekee: huchukua chembe za mchanga na kuziingiza katika ngozi yake, kana kwamba anajenga ukuta.

Wengi wa viumbe hawa huishi kwa ushirika. Ndani ya seli zao mna mwani wa chembe moja, ambao hutumia nuru kutengeneza sukari na kumgawia mwenyeji wake. Polipu naye humpa mwani makao, pamoja na hewa ya ukaa na taka zenye nitrojeni. Kwa hiyo afya ya polipu ni afya ya wawili. Kinachomdhuru mmoja humdhuru na mwenziwe.

Dalili na maana zake

Polipu mzima hufunguka mchana na kunyoosha minyiri yake. Polipu aliyefunga kwa siku nyingi, aliyepauka, aliyerefuka shingo kupita kiasi, au aliyefunikwa na utando wa kuoza, ana taabu. Hata hivyo si kila aliyefunga ni mgonjwa. Sarcophyton, mathalani, hujifunga mara kwa mara kwa siku kadhaa, akafanya utando mwembamba kama nta, kisha akauambua pamoja na mwani na uchafu uliomng'ang'ania. Mfugaji asiyejua jambo hilo huanza kumtia dawa mnyama asiye na ugonjwa, na dawa yenyewe ikawa ndiyo ugonjwa.

Kupauka kuna maana tofauti. Maji yanapopata joto kupita kiasi, ushirika kati ya polipu na mwani huvunjika, mwani hutoka, na mnyama hubaki mweupe. Jambo hilo hilo hutokea baharini. Mwaka 1998, na tena mwaka 2016, joto la bahari lilipausha matumbawe katika sehemu nyingi za Bahari ya Hindi ya magharibi. Polipu aliyepauka hajafa bado, lakini amepoteza mlishaji wake. Hali isiporekebishwa mapema, hufa kwa njaa.

Pima kabla ya kutibu

Kanuni ya kwanza ya tiba ni kupima maji. Chumvi iwe karibu gramu 35 katika kila kilo ya maji, na joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi. Kipimo cha pH kiwe baina ya 8.1 na 8.4. Amonia isionekane kabisa. Nitrati na fosfati ziwe kidogo, lakini zisikosekane: maji yaliyosafishwa mno huwanyima polipu na mwani wao virutubisho, nao hunywea.

Maji ya tangi hupotea kwa mvuke, bali chumvi hubaki. Mfugaji akiongeza maji ya chumvi kufidia mvuke, chumvi huzidi siku hata siku. Inampasa aongeze maji baridi yaliyo safi. Nuru nayo huhitaji uangalifu, kwani polipu aliyetolewa kivulini na kuwekwa ghafula chini ya taa kali huungua. Tena matumbawe laini hupigana kwa kemikali: baadhi yao hutoa majini vitu vinavyowazuia majirani wasikue. Hapo dawa ni kuwatenganisha, kubadilisha sehemu ya maji, na kuyapitisha maji katika mkaa maalumu wa kuchujia.

Kanuni ya pili ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha kungoja. Anayepunguza taa, akaongeza chumvi na kutia dawa siku moja, hata mnyama akipona hatajua kilichomponya.

Maadui wa usiku

Maji yakiwa mema na polipu bado wamefunga, yafaa kutazama kwa kurunzi usiku. Wako konokono wadogo wa jenasi Heliacus, wenye kombe bapa lililojipinda kama ngazi ya mviringo, ambao hula polipu wa Zoanthus. Wako pia konokono wasio na kombe, ambao huchukua rangi ya polipu wanaowala hata wakawa hawaonekani kwa urahisi. Hao huondolewa kwa koleo dogo, mmoja mmoja.

Kisha hufuata kuogesha. Koloni hutolewa na kutiwa katika chombo cha pembeni chenye maji ya tangi, yaliyotiwa matone ya iodini ya Lugol mpaka yakawa na rangi ya chai nyepesi. Dawa hiyo imepewa jina la tabibu wa Kifaransa aliyeitengeneza mwaka 1829. Baada ya dakika kumi hadi kumi na tano koloni husuuzwa kwa maji mengine ya tangi, na maji ya dawa humwagwa. Xenia ni dhaifu, na huweza kudhurika kwa dawa hiyo. Tena dawa haiui mayai. Kwa hiyo mayai hukwanguliwa kwa mkono, na uogeshaji hurudiwa kila juma kwa majuma kadhaa. Sehemu iliyooza hukatwa, kwa kuwa uozo huwaenea walio wazima.

Sumu ndani ya ua

Hapa ndipo hatari kubwa ilipo. Wenyeji wa Hana, katika kisiwa cha Maui huko Hawaii, walijua tangu kale kwamba katika dimbwi moja la pwani yao mlikuwa na kitu cha kuua, wakakiita mwani wa mauti. Mwaka 1971 wanakemia Richard Moore na Paul Scheuer walitangaza kwamba wamepata sumu yake, na kwamba haikutoka kwa mwani bali kwa Palythoa. Sumu hiyo, palitoksini, ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zijulikanazo zisizo protini. Molekuli yake ina atomu 129 za kaboni, na muundo wake haukufumbuliwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Namna inavyoua ni rahisi kueleza. Katika utando wa kila seli ya mwili mna pampu inayotoa ioni tatu za sodiamu na kuingiza ioni mbili za potasiamu. Palitoksini huishika pampu hiyo na kuigeuza tundu lililo wazi. Sodiamu huingia, potasiamu hutoka, na seli hushindwa kazi. Misuli hulegea, na moyo huweza kusimama. Haina dawa ya kuitengua.

Si kila koloni ina sumu nyingi, lakini kwa macho haiwezekani kutofautisha. Joto la maji yanayochemka haliivunji. Kwa sababu hiyo, watu waliochemsha mawe yenye polipu ili kuyasafisha wameivuta sumu pamoja na mvuke. Kati ya mwaka 2012 na 2014 wakuu wa afya wa Alaska, Marekani, walichunguza watu walioathirika hivyo majumbani na dukani. Mwaka 2018 jamaa nzima ya Oxfordshire, Uingereza, ilipelekwa hospitali baada ya tangi lao kusafishwa. Dalili zake ni homa, kikohozi, kukosa pumzi, maumivu ya misuli, na ladha chungu au ya chuma mdomoni.

Basi kila ashikaye polipu hawa avae glavu na miwani ya kinga, na asiwashike akiwa na jeraha. Kukata kufanywe chini ya maji, yasiruke machoni. Mawe yasichemshwe, yasisuguliwe yakiwa makavu, wala yasioshwe kwa maji ya moto. Aonaye dalili atoke penye hewa safi, aende hospitali mara moja, na amweleze daktari alichokuwa akishika.

Funzo kwa darasa

Shule isiyo na tangi la bahari yaweza kujifunza mengi katika habari hii. Vipande viwili vya kiazi mbatata vya urefu sawa, kimoja kikiwekwa katika maji baridi na kingine katika maji ya chumvi nyingi, vitaonyesha baada ya saa chache jinsi osmosisi inavyozijaza seli maji au kuzinyong'onyeza. Ndivyo apatavyo taabu polipu chumvi inapobadilika.

Kwa wanafunzi wa pwani, Zoanthus na Palythoa wanaonekana wazi miambani wakati wa maji kupwa. Watazamwe na kuchorwa, minyiri yao ihesabiwe kwa macho, na waachwe mahali pao. Hilo ni salama kwao, na ni salama kwa mwanafunzi pia.