Lindo la Ndani: Siku Mbili za Kimya Lilongwe

Kila askari aliyepata kulala kifudifudi katika uwanja wa shabaha anaikumbuka sauti ya mwalimu wake: vuta pumzi, itoe kidogo, izuie, ndipo ufyatue. Pumzi ikitulia mkono hutulia, na risasi hufika palipokusudiwa. Somo hilo tulifundishwa sote, sisi katika chuo cha maofisa, wengine katika kambi za kuruta. Lakini tulipoondoka uwanjani tuliliacha huko huko pamoja na maganda ya risasi. Hakuna aliyetwambia kwamba pumzi ile ile iongozayo shabaha yaweza pia kumsaidia askari usiku wa manane, alalapo kitandani kwake na usingizi umemkimbia.

Hivi karibuni tulikuwa Lilongwe, mji mkuu wa Malawi tangu mwaka 1975, kwa shughuli za kikazi. Shughuli hizo zilipomalizika siku ya Ijumaa, mwenyeji wetu, ofisa mwenzetu wa jeshi la nchi hiyo, alitualika tukakae siku mbili katika nyumba moja ya mafungo nje kidogo ya mji, ambako hufanyika mazoezi ya taamuli na yoga. Tulidhani anatutania. Kwa fikira zetu, mafungo yalikuwa ya mapadri na watawa, na yoga ilikuwa ya watu wenye fedha nyingi na kazi chache. Tulikwenda kwa adabu ya mgeni tu. Tumerudi na jambo ambalo tunaona yafaa tuwaeleze wenzetu wa majeshi na wa polisi.

SIKU MBILI BILA NENO

Tulikuwa watu 12: wauguzi, walimu, polisi wawili na sajenti mmoja wa jeshi. Mlangoni tuliweka simu zetu katika kikapu, tukaelezwa sheria. Tangu jioni ile hadi Jumapili adhuhuri hapana maongezi, isipokuwa kwa mwalimu na kwa jambo la lazima. Chakula huliwa kimya. Kuamka ni saa 11 alfajiri, na katika hilo askari hatukuona shida.

Shida ilianza tulipoketi. Tuliagizwa tuhesabu pumzi zetu, moja hadi kumi, kisha turudie. Tukipotea katikati tuanze upya bila kujilaumu. Hatukufika tatu. Mara tulikuwa ofisini, mara katika ugomvi wa mwaka juzi, mara katika safari ya kurudi nyumbani. Ofisa aliyezoea kuhesabu watu katika gwaride alishindwa kuhesabu pumzi zake mwenyewe.

Baadaye yalifuata mazoezi ya viungo. Mkao wa kwanza huitwa mlima: mtu husimama wima, miguu imara, mabega yameshuka. Ni kama mguu sawa, ila bila kukaza taya wala kukunja ngumi. Mkao wa mwisho huitwa wa maiti. Mtu hulala chali, mikono kando, macho yamefumbwa, akaulegeza mwili wote kuanzia nyayo hadi utosini. Tulidhani huo ndio rahisi kupita yote.

Haikuwa hivyo kwa sajenti. Dakika chache hazijapita, aliinuka akaenda kusimama ukutani, jasho likimtiririka. Mwalimu hakumkemea wala hakumwuliza neno mbele ya watu. Alilichukua jamvi lake, akalitandika karibu na ukuta, mahali ambapo mtu aweza kuuona mlango, kisha akamwambia akae badala ya kulala, na macho ayaache wazi. Siku ya Jumapili, kimya kilipoondolewa, sajenti mwenyewe alitueleza sababu. Alikuwa amepata kutumikia Kivu, na tangu aliporudi hawezi kufumba macho katika chumba ambacho mlango wake uko nyuma yake.

KIVU INAYORUDI NYUMBANI

Askari wa Malawi na wa Tanzania wana historia moja katika ardhi ile. Baada ya azimio la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la Machi 2013, majeshi ya nchi hizo mbili pamoja na Afrika Kusini yaliunda kikosi maalumu cha kupambana na makundi yenye silaha mashariki ya Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki ilishambuliwa, na Watanzania wasiopungua 14 waliuawa. Novemba 2018, katika mapigano karibu na Beni, Private Chancy Chitete wa Malawi alimwona koplo mmoja wa Tanzania ameanguka, hawezi kujisogeza. Alimkokota hadi mahali pa salama, akamhudumia, naye akapigwa risasi akafariki dunia. Mwaka 2019 Umoja wa Mataifa ulimtunukia nishani ya ushujaa yenye jina la Kapteni Mbaye Diagne. Na Januari 2025, wakati wa mapigano ya kuuteka mji wa Goma, askari wa nchi hizo hizo tatu walikuwamo tena miongoni mwa waliopoteza maisha.

Wafu tunawapigia saluti, na ndivyo ipasavyo. Tunataka hapa kuwasema waliorudi. Kazi yetu sisi ni kutoa taarifa, na katika kazi hiyo hupita mikononi mwetu majina ambayo ni lazima yaandikwe bila kosa la herufi moja, kwa kuwa kuna mama atakayeyasoma. Hatukuwa na jeraha lolote mwilini. Hata hivyo, jioni moja mwanetu aliangusha sufuria jikoni, nasi tulimfokea kana kwamba ametupa bomu. Mtoto alitetemeka. Mama yake alitutazama bila kusema neno. Tunajua si sisi peke yetu. Wapo wanaoitafuta nafuu katika chupa, wapo wanaoitafuta katika ngumi, na wapo walioona afadhali kuyakatisha maisha yao. Katika makambi yetu mambo hayo husemwa kwa kunong'ona, kana kwamba ni aibu, ilhali mguu uliovunjika husemwa kwa sauti.

PUMZI INAVYOFANYA KAZI

Mwili wa askari hatarini hufanya lile ulilokusudiwa kulifanya: moyo hupiga mbio, misuli hukazwa, macho na masikio huwa makali. Hali hiyo huokoa maisha. Madhara huja pale hatari inapokwisha, nao mwili ukakataa kupokea amri ya kurudi kambini. Mapigo ya moyo hatuwezi kuyaamuru, lakini pumzi twaweza. Mtu avutapo hewa moyo huongeza kasi kidogo, na aitoapo hupunguza. Kwa hiyo anayetoa pumzi polepole humpelekea moyo wake habari kwamba doria imekwisha.

Ushahidi upo, ingawa una mipaka yake. Mwaka 2014 daktari Bessel van der Kolk na wenzake wa Marekani walichapisha matokeo ya utafiti kwa wanawake 64 wenye majeraha sugu ya nafsi. Baada ya wiki 10, zaidi kidogo ya nusu ya waliofanya yoga hawakuwa tena na dalili za kutosha kuhesabiwa wagonjwa. Miongoni mwa waliopewa mafunzo ya afya bila yoga, waliofikia hali hiyo walikuwa kama mmoja katika watano. Hao hawakuwa askari, na idadi yao ni ndogo. Tena kisa cha sajenti chatufundisha kwamba kimya chaweza kuamsha yaliyolala. Mwenye jeraha zito asianze peke yake, na yoga isichukue nafasi ya daktari.

SI JAMBO GENI

Wako watakaouliza kama taamuli haigongani na dini zao. Tunajibu kwamba kukaa kimya hakukuletwa Afrika ya Mashariki na watalii. Waislamu wanajua itikafu, hasa katika siku kumi za mwisho za Ramadhani. Wakristo wanajua mafungo. Yule atakayeona jina la yoga ni zito na aliache jina, achukue pumzi, kwa maana pumzi haina dhehebu.

Wala jambo hili si geni kwa watu wa silaha. Mwaka 1521 askari mmoja wa Kibaski alivunjwa mguu kwa risasi ya mzinga katika kuilinda ngome ya Pamplona, Hispania. Alilala miezi mingi akiuguza jeraha, akaanza kuyapima mawazo yake: yapi yalimwachia amani na yapi yalimwachia ukavu. Kutokana na hayo alitunga mazoezi ya kiroho yanayofuatwa na wengi hadi leo. Jina lake ni Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti.

Kwa upande wa polisi tuna mfano wa Kiran Bedi, mwanamke wa kwanza kuingia katika utumishi wa maofisa wa polisi wa India, mwaka 1972. Alipokabidhiwa usimamizi wa magereza ya Tihar, Delhi, alikuta msongamano na vurugu. Aprili 1994 zaidi ya wafungwa 1,000 walikaa pamoja siku kumi katika taamuli iitwayo Vipassana, bila maongezi. Maofisa wa gereza nao walipitia mafunzo hayo. Bedi alifahamu kwamba huwezi kumtuliza mfungwa kwa mkono wa askari asiyetulia.

GEREZA LILILOGEUKA MAKAZI

Habari za gereza ndizo zilizotupeleka Dzaleka. Siku ya Jumatatu tuliondoka Lilongwe kwa barabara ya kaskazini, tukaiacha kuelekea wilaya ya Dowa, mwendo wa kilomita 45 hivi. Wakati wa utawala wa Rais Kamuzu Banda, Dzaleka lilikuwa gereza la wapinzani wa kisiasa, na jina lake huelezwa kuwa na maana ya mtu anayeapa kwamba hatarudia tena. Palikuwa mahali ambapo watu walinyamazishwa. Mwaka 1994 pakafunguliwa kuwa makazi ya wakimbizi. Palikusudiwa watu wapatao 10,000 au zaidi kidogo. Leo wamo zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili husikika sokoni, mashuleni na makanisani, na tangu mwaka 2014 pana tamasha la muziki na sanaa liitwalo Tumaini. Shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, lililoanzishwa mwaka 1980 na Padri Pedro Arrupe, ambaye mwaka 1945 aliwauguza majeruhi wa bomu la Hiroshima, huendesha humo shule na huduma ya ushauri kwa walioumia nafsi. Hivyo jeraha la askari wa Pamplona limefika Dowa.

Tulikaribishwa kibarazani na mzee mmoja wa Kivu. Mazungumzo yalikuwa mazuri hadi alipojua kwamba sisi ni askari. Hapo alinyamaza, akaitazama mikono yetu. Kimya hicho hakikufanana na kile cha nyumba ya mafungo. Tulimwomba radhi, tukamweleza tulikotoka na tulilojifunza siku ya Jumamosi. Alifikiri kwa muda, kisha akasema: "Nyinyi munaenda kujifunza kunyamaza, mwanangu. Siye huku tunajifunza kusema."

Tumeyarudia maneno hayo mara nyingi. Yeye na sajenti wa Lilongwe walitoka katika vita vile vile, mmoja akikimbia, mwingine akipelekwa kulinda. Na mlinzi naye hupokea amri ngumu. Mwaka 2023 Serikali ya Malawi iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini warejee Dzaleka, na mwezi Mei polisi na wanajeshi walitumwa kuwakusanya. Anayetekeleza amri ya namna hiyo hurudi nyumbani na kilio cha watoto masikioni. Asipojua la kukifanya kilio hicho, atakimimina juu ya watoto wake mwenyewe, au juu ya mkimbizi wa kesho.

LA KUFANYA

Hatusemi kila kikosi kijengewe nyumba ya mafungo. Twasema mambo matatu. Kwanza, wakuu wa vikosi na wa vituo vya polisi waione siku mbili za utulivu, kwa askari anayetoka katika kazi nzito, kuwa sehemu ya matunzo yake kama alivyo na haki ya bandeji. Pili, anayekosa usingizi wiki baada ya wiki amwendee mganga au mshauri, na wenzake wasimcheke. Tatu, kila askari ajifunze pumzi ya nne: vuta kwa hesabu ya nne, zuia kwa nne, toa kwa nne, tulia kwa nne. Zoezi hilo linafundishwa katika majeshi na polisi wa nchi kadhaa. Halihitaji jamvi wala ruhusa, na laweza kufanywa lindoni macho yakiwa wazi.

Sisi tumeanza. Kila jioni, kabla ya kubisha hodi nyumbani, tunasimama nje tukahesabu pumzi kumi. Mara nyingi tunapotea katika nne, tukaanza tena. Juzi sufuria ilianguka jikoni. Mtoto alitutazama kwanza sisi, halafu sufuria. Tulitoa pumzi, tukaiokota, tukampa.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Askari amezoezwa kulinda mpaka, daraja, benki na maisha ya watu. Lindo moja limebaki bila mlinzi, nalo liko ndani yake. Ndugu zetu, zamu hiyo hapana wa kutupokea. Tuishike wenyewe.